Uzi Uliokataa Kijivu

Bwana Maana alibadilisha rangi ya suti ya shujaa mara tatu kabla hatujapiga picha hata moja, na mara zote aliyekuja kuambiwa ni mimi. Si mpiga picha, si mtu wa taa. Mimi, kwa sababu chumba cha maleba kinatazamana na choo, na huyu mtu mawazo humjia akiwa huko ndani. Ukisikia maji yanashuka, ujue kuna kazi ya mtu imeharibika.

Ndiye mwongozaji wa filamu. Jina lake analo, ila pale studio hakuna anayelitumia akishatupa kisogo. Ukimwonyesha kifungo, anauliza maana yake nini. Ukimpelekea chai kwenye kikombe chekundu, anakitazama kikombe, anakutazama wewe, anauliza kwa nini chekundu. Mwanzoni nilikuwa namjibu kwamba vyeupe vimevunjika. Baadaye nikachoka, nikawa nasema "ni ishara", anaridhika, anakunywa.

Filamu yenyewe ni ya mambo ya anga. Mwanamke mmoja, nahodha wa chombo, anarudi peke yake kwenye sayari yao iliyoungua kuangalia kama kuna aliyebaki. Karibu mwanzo hadi mwisho yuko peke yake, na amevaa suti moja. Saa moja na nusu, mtu mmoja, suti moja. Kwa hiyo naelewa kwamba rangi yake ni jambo zito, mimi si mjinga. Miaka ishirini na mitatu navalisha watu waigize, najua watazamaji wanamhukumu mtu kwa nguo kabla hajafungua mdomo. Ninachokataa ni kupelekeshwa.

Kwanza ilikuwa nyeupe, eti nyeupe ni mwanzo mpya. Nikanunua kitambaa kizito cha pamba, maana hakutaka kitu cha kung'aa mbele ya taa. Siku tatu baadaye nyeupe ikawa inamkumbusha wodi. Tukaenda buluu, buluu ni umbali. Siku mbili tu, buluu ikawa sare ya walinzi wa benki. Hapo nikamwambia, kwa upole wote niliobaki nao, achague rangi akae nayo walau wiki nzima kama watu wengine wanavyokaa na rangi. Akakunja mikono, akaniuliza mimi ningechagua nini.

"Njano," nikasema. Nilisema upesi mpaka yeye mwenyewe akashtuka.

"Njano," akarudia taratibu, huku anafungua daftari analoandikia mawazo yake. "Jua. Anabeba jua, analirudisha mahali lilipozimika. Mama Maleba, wewe una jicho."

Mimi sikuwa nawaza jua. Nilikuwa namwaza dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea na ndiye aliyenifundisha cherehani, kwa kunichapa vidole na rula kila mshono ulipopinda. Amenipita miaka kumi na mmoja. Chumba cha maleba ni chetu sote wawili: mimi napima, nakata na kugombana na watu, yeye anashona. Hakuna asichokishona. Na macho yake yanakufa. Ni presha ya macho, ile inayokula pole pole bila maumivu, ukija kushtuka robo tatu imeshaondoka. Daktari alituambia kilichopotea hakirudi, matone yanachelewesha tu. "Mwaka huu mtaona mabadiliko," alisema, kama mtu anayetutangazia barabara mpya.

Habari ya njano niliigundua kwa bahati. Siku moja Dada alikuwa anapapasa meza akitafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mbele yake, mpini mweusi juu ya meza ya kahawia, na hakuuona. Lakini tepu ya kupimia, ile ya njano, ilikuwa imeanguka chini ya meza upande wa pili, akainama akaiokota moja kwa moja bila kupapasa. Nikamuuliza ameionaje. Akasema njano bado inamfikia. Nyingine zote zimeanza kuwa ukungu, ila njano ikikaa penye giza inamfikia.

Kesho yake nikanunua utepe wa kunata wa njano. Nikazungushia mpini wa mkasi, pasi, kitasa cha mlango, birika, ukingo wa kila ngazi nyumbani. Dada akapita akigusa kimoja kimoja, akasema nyumba yangu sasa imekuwa kama barabara inayochimbwa.

Na kuna kitu alichonitaka. Alikisema huku anatia mafuta cherehani, hata hakuinua kichwa. "Nimeshona nguo maisha yangu yote, mdogo wangu. Zote zinatoka mlangoni zinakwenda. Sijawahi kukaa nikaiona hata moja ikifanya kazi yake. Hii ya nahodha nataka niione. Nikae kwenye kiti cha ukumbini kama watu, nimwone anatembea nayo kwenye ile skrini kubwa. Baada ya hapo macho yakitaka kwenda, yaende."

Filamu ilikuwa itoke baada ya miezi tisa. Nilihesabu palepale, kimoyomoyo, na nikajua tunakimbizana na saa.

"Na usimwambie mtu hapa kwamba sioni," akaongeza. "Ukimwambia mtu, watanipa kiti na soda, waniulize hali, halafu walete fundi mwingine. Ukinifanyia hivyo hatutasemezana."

Basi tukashona suti ya njano. Ilikuwa na vipande sitini na vinne, na kila kipande kinapita mishono miwili juu, sambamba, ionekane kama vazi la kuzuia hewa isitoke. Tuligombana kuhusu uzi. Mimi, kwa kumjua Bwana Maana, nilinunua uzi wa pamba. Nilijua ipo siku atabadilika, tutaichovya suti nzima kwenye rangi nyingine, na nilitaka uzi na kitambaa vishike rangi pamoja. Uzi wa nailoni haushiki rangi ya pamba, hilo kila fundi analijua. Dada akasema uzi ule ni mwembamba, haufai. Nikamwambia atumie huohuo. Akaguna. Kwa Dada kuguna si kukubali, lakini nilikuwa na haraka zangu.

Bega la kushoto nilishona mimi. Siku hiyo Dada alikuwa kliniki, foleni haisogei, na mtayarishaji ananipigia simu kila nusu saa kuuliza suti imefika wapi. Nikakaa kwenye cherehani yake, nikakuta imeshatungwa uzi, nikapitisha. Simu ikalia tena katikati ya mshono, nikaishika kwa bega na sikio, nikaendelea. Mshono haukukaa vizuri. Niliupiga pasi nikanyamaza.

Suti ilipokamilika, Nahodha alikuja kuijaribu. Ndivyo tunavyomwita yule mwigizaji, ni binti mwenye adabu, mrefu, hajui kulalamika hata ukimchoma pini. Akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akageuka, akarudi. Dada alikuwa kwenye kigoda chake pembeni. Nikaona kichwa chake kinamfuata yule binti, pole pole, bila kumpoteza.

"Namwona," akaniambia kwa sauti ya chini.

Nilikwenda kusimama stoo nikajifuta macho na kitambaa cha bitana, kisha nikarudi kuendelea na kazi.

Sasa, ikabaki siku moja picha zianze kupigwa. Asubuhi hiyo, saa tatu na robo, nikasikia maji yanashuka chooni.

"Mama Maleba," akasema, amesimama mlangoni mikono bado imelowa. "Njano haiwezekani."

 Nilikuwa na pini nne mdomoni.

"Nimezungumza na rafiki yangu, ni msomi. Kuna nchi njano ni rangi ya waoga. Nahodha si mwoga. Halafu nimefikiria: ametoka wapi huyu mwanamke? Ametoka kwenye moto. Moto ukipita kinabaki nini? Majivu. Avae kijivu. Kijivu kinasema, mimi ndiye niliyebaki."

Nikatoa pini moja moja, nikazichomeka kwenye kimto cha pini. "Kuta za chombo chako ni za kijivu," nikamwambia. "Mchanga wa sayari yako ni majivu, umemwaga magunia na magunia pale nje, ni wa kijivu. Mawe ni ya kijivu. Ukimvalisha kijivu hataonekana."

"Ndiyo maana yenyewe," akasema, na uso wake uliwaka kama wa mtu aliyepewa mtoto. "Asionekane. Tumtafute."

Huyo akaenda zake. Damu ilinichemka mpaka nikalazimika kukaa. Dada alikuwa kwenye cherehani yake, mguu umesimama juu ya kanyagio. Alikuwa amesikia kila neno. Akasema tu, "Kazi ni yao," akaendelea kushona, na nilivyomjua nilijua asingelitaja tena.

Mimi nilishindwa. Nilijua nimekatazwa, lakini saa tano nikampandia Bwana Maana ofisini kwake, nikafunga mlango, nikamweleza. Nikamwambia habari ya macho, ya njano, ya kile kiti cha ukumbini. Nikamwambia sitaki huruma, nataka rangi moja tu ibaki ilivyokuwa mpaka jana. Alinisikiliza vizuri, sitaki kumsingizia. Aliweka kalamu chini. Nilipomaliza macho yake yakajaa machozi, nikajua nimempata.

"Nahodha awe haoni," akasema taratibu. "Anatua kwenye sayari iliyoungua, na haoni. Mama Maleba, hiyo ina maana kubwa sana."

"Haina maana," nikasema. "Ni presha ya macho."

Akashtuka, akaona aibu, akaomba radhi. Kisha akaniambia njano hawezi. "Ni mtu mmoja, mama. Ukumbi una watu mia tatu, na mimi nina filamu moja." Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mtu akikukosea na hana haki unamtukana moyoni unapoa. Akaahidi hatamwambia yeyote, nikatoka.

Nyuma ya studio kuna uwanja mdogo ambapo mafundi wa seti hukata mbao. Nikawasha jiko la gesi, nikateleka sufuria kubwa, nikamwaga rangi nyeusi kwa kipimo na chumvi nusu mfuko, nikatumbukiza suti ya njano. Nilikuwa nikikoroga kwa mpini wa ufagio na kuzungumza peke yangu. Seremala mmoja alitaka kuniuliza kitu, akaniona usoni, akarudi alikotoka. Njano ilizama ikawa kijani chafu, kisha matope, kisha kijivu. Nikaitoa, nikaisuuza maji matatu, nikaitandaza kwenye kamba.

Kitambaa kilikuwa kijivu safi, kimekolea sawasawa, kazi nzuri kabisa. Mishono yote ilikuwa njano.

Nilisimama pale kama nimepigwa kofi. Vipande sitini na vinne, mishono miwiliwili, kila mmoja unawaka. Magoti, mbavu, viwiko, kiuno, mstari mrefu wa kila mguu. Ungedhani kuna mtu amechorwa kwa chaki. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikajaribu kuupaka uzi wa goti moja. Ukateleza, wino ukaingia kwenye kitambaa, nusu saa ikapita sijamaliza urefu wa kiganja. Na kufumua yote na kushona upya ni kazi ya wiki mbili. Picha zinaanza kesho asubuhi.

Niliingia chumbani na maji yakinichuruzika mikononi. "Dada, umetumia uzi gani?"

"Nailoni," akasema, kama mtu aliyeulizwa saa.

"Nilikununulia wa pamba."

"Ulikatika. Niliujaribu kwenye goti, nikavuta, ukakatika mara mbili. Yule binti anapiga magoti, wewe si ndiye uliyenisomea hadithi yao? Anapiga magoti mbele ya watu, goti lipasuke? Nikachukua nailoni ya njano kwenye droo yangu, ile iliyobaki kwenye sare za timu."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia uzi haufai. Ukasema nitumie huohuo."

Na hapo maneno yakaniponyoka. "Sema kweli, Dada. Hukuujaribu popote. Ulichukua uzi kwa kubahatisha ukakosea, sasa unanitungia hadithi. Huoni. Huoni, na sasa nimeharibu kazi ya watu kwa sababu nakuficha."

Lile neno sikuwahi kulitamka mbele yake. Miaka miwili nilikuwa nalizunguka, nasema macho yamechoka, macho yanasumbua. Sasa lilikuwa limetoka na hakukuwa na namna ya kulirudisha. Dada akazima cherehani. Akafungua droo, akapekua kwa vidole, akaja mbele yangu.

"Fumba macho," akasema.

"Dada, sina muda wa..."

"Fumba."

Nikafumba. Akaniwekea nyuzi mbili kiganjani. "Upi nailoni?"

Nikazisugua. Nilizisugua muda mrefu, moja baada ya nyingine, nikamnyooshea moja.

"Huo ni wa pamba," akasema. Akazichukua, akazirudisha kwenye droo. "Na siku ile ya bega uliukuta wa nailoni kwenye cherehani, ukautumia, macho umeyatoa yote mawili. Twende nyumbani."

Njia nzima hakunishika mkono. Alikwenda akigusa ukuta kwa vidole, na mimi nyuma nimebeba mikoba yote miwili, nimevimba, nataka kuomba radhi na hasira hazijaisha.

Asubuhi nilimvalisha Nahodha nikijua ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyobeba vitu vyangu. Alipotokea kwenye seti, ndani ya njia nyembamba ya chombo cha anga, watu wote waliacha walichokuwa wakifanya. Bwana Maana akamzunguka mara moja. Akamzunguka mara ya pili. Akachuchumaa, akagusa mshono wa goti.

"Maana yake nini?" akauliza.

"Maana yake uzi wa nailoni haushiki rangi ya pamba," nikasema. "Maana nyingine hakuna."

Mpiga picha alikuwa na jicho kwenye kamera. "Mimi maana siijui," akasema, "lakini leo namwona. Jana jioni nilimjaribu na koti moja la kijivu, akasimama ukutani hapo, nikawa namtafuta kwa tochi."

 Bwana Maana alikuwa bado amechuchumaa pale chini, anafuatisha mstari kwa kidole kutoka gotini hadi kwenye buti. "Ameungua mwili mzima," akasema, "lakini kuna kitu kinamshikilia."

"Uzi," nikasema.

Akaandika kwenye daftari. Ukurasa mzima, ameegemea ukuta wa chombo, sote tumesimama tunamsubiri. Kisha akasema tunaanza. Kabla hajakaa kwenye kiti chake alinitazama kidogo, akamgeukia mtu wa taa, akamwambia apunguze taa zote za mbele na aweke moja ubavuni, mistari iwake penye giza. Sijui alifanya hivyo kwa ajili ya maana au kwa ajili ya Dada, na sikumuuliza, kwa sababu angenijibu.

Miezi tisa ni mingi kwa jicho bovu. Radhi niliomba, wiki ya kwanza, jikoni, na Dada akaniambia nitazame unga, maji yamezidi. Akaendelea kushona kwa vidole, na kila mwezi tulikwenda kliniki, na kila mwezi daktari alisema yaleyale kwa sauti tofauti. Ukumbi ulipopangwa na siku ikajulikana, nilianza kumchunguza bila yeye kujua. Nilikuwa nahamisha birika kutoka upande mmoja wa jiko hadi mwingine, nione kama atalipata. Mwanzoni alilipata kila mara. Wiki mbili kabla ya onyesho alinyoosha mkono palipokuwa patupu, akagusa jiko. Kisha akasema, "Liko wapi?"

Nikampa. Mchana huo sikufanya kazi ya maana.

Onyesho lilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Nilimvalisha Dada gauni lake la kahawia, nikamkalisha safu ya tatu katikati, mkoba magotini. Bwana Maana alikuwa mbele kabisa na daftari lake. Watu wakakohoa, taa zikazimwa.

Picha ya kwanza ni chombo kinashuka. Kikubwa, cha kijivu, kinatua kwenye majivu. Sikuiangalia skrini, nilimwangalia Dada. Uso wake ulikuwa umeelekea mbele, mtulivu, macho wazi, na hayakuwa yanafuata kitu. Nikamnong'oneza, "Chombo kinatua sasa. Kina miguu minne, vumbi linatimka."

"Nyamaza," akasema.

Nikanyamaza. Mlango wa chombo ukaanza kufunguka, ndani giza. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga nitakachomwambia tukirudi nyumbani, nitakavyomweleza suti ilivyopendeza, nitakavyotia chumvi.  Nikasikia buti zinagonga chuma kwenye spika, hatua moja, hatua mbili, na Nahodha akatoka kwenye ile njia nyembamba, taa iko ubavuni.

Mkoba ukaanguka kutoka magotini mwa Dada. Hakuuokota. Mkono wake ulikuwa umeinuka, kidole kimenyooka mbele, na kile kidole kilikuwa kinatembea. Nahodha akienda kulia, kinakwenda kulia. Akisimama, kinasimama. Akashuka ngazi za chombo, na kidole kikashuka naye, ngazi kwa ngazi, mpaka chini kwenye majivu.

"Sioni mtu," akaninong'oneza. "Uso sioni, mikono sioni. Naona mishono yangu. Yote. Inatembea."

 Nilikuwa nalia kama mtoto na mtu wa nyuma yetu aligonga kiti changu. Dada alikaa hivyo filamu nzima, ameinama mbele, na Nahodha alipofika mahali pa kupiga magoti, pale anapokuta nyumba yao, alinishika mkono akaubana. Goti likashuka, likakunjika, kitambaa kikavutika. Uzi ukashika.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, Dada."

Akaegemea kiti. Nikadhani amemaliza. Nahodha alikuwa bado amepiga magoti, mgongo umetugeukia, umejaa skrini nzima kutoka pembe hadi pembe, mistari ya njano inapanda na kushuka kwa pumzi zake. Dada akageuza kichwa kidogo, upande mmoja, kisha upande wa pili, kama anavyofanya akikagua kazi.

"Bega la kushoto limekwenda upogo," akasema, tena si kwa kunong'ona. "Limepinda hapo katikati. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naongea na simu."

"Linaonekana."

"Dada, watu mia tatu humu ndani, hakuna hata mmoja aliyeliona."

"Mimi nimeliona," akasema.

Mtu wa nyuma akagonga kiti tena, akatuomba tunyamaze. Dada akaendelea kufuata mstari kwa kidole. Kisha akaniinamia sikioni akaniambia Jumatatu nitoe ile suti stoo tulifumue lile bega. Nikamwambia filamu imeshatoka, suti haitavaliwa tena, hakuna anayeihitaji. Akasema hajauliza nani anaihitaji. Nikasema sawa, nitaileta.